Nyumba ya Binti: Ujenzi na Maisha ya Pamoja katika Mji wa Lamu

Katika mji wa Lamu, kwenye pwani ya kaskazini ya Kenya, zingaliko nyumba nyingi za mawe zilizojengwa katika karne ya 18 na mwanzo wa karne ya 19. Wageni huzisifu kwa milango yake iliyonakshiwa na kwa lipu yake iliyochongwa. Sifa hizo ni za haki, lakini zinatuacha nje, barazani. Jambo kubwa zaidi katika historia ya nyumba hizi ni namna zilivyokusudiwa, zilivyoongezwa na zilivyokaliwa: bibi, mabinti zake, wakwe na wajukuu wakiishi chini ya sakafu zilizoshikamana, kwa mpango walioufanya wenyewe. Makala haya yanakusudia kueleza mpango huo, na kadhalika kuwataja wale waliousimamisha kwa mikono yao bila ya kupewa sehemu ndani yake.

Yafaa ikumbukwe kwanza kwamba kujenga kwa kufuata uzazi si desturi ya Waamu peke yao. Karibu kila kabila katika nchi yetu lilikuwa na utaratibu wa kuliongeza boma kila kizazi kilipokua. Katika boma la Wajaluo, kijana aliyefikia umri alijijengea nyumba iitwayo simba karibu na lango la babake, akaoa humo, na miaka ilipopita akatoka kwenda kusimamisha boma lake mwenyewe. Mpango huo unajulikana sana na wanafunzi wetu. Basi na wautazame mpango wa Lamu kando yake, maana tofauti yake ni moja tu, nayo ni kubwa: kwa Wajaluo mwana wa kiume ndiye aliyebaki penye boma na binti ndiye aliyeondoka, kwa waungwana wa Lamu binti ndiye aliyebaki, na mwanamume ndiye aliyebeba sanduku lake akahamia kwa mkewe.

Desturi ilimtaka baba mwenye uwezo awe na nyumba tayari siku ya arusi ya binti yake, hasa binti wa kwanza. Nyumba hiyo haikuwa ya kuazima, wala haikuwa mali ya mume. Ilikuwa ya binti. Aghalabu bwana arusi alikuwa binamu yake, mwana wa ami yake au wa jamaa wengine wa karibu, kwa hiyo safari yake ya kuhama huenda haikuzidi milango mitatu au minne. Lakini hata akitoka karibu namna hiyo, aliingia katika nyumba isiyokuwa yake. Ikitokea talaka, aliyetoka ni mume. Mwanamke alibaki na watoto wake na vyombo vyake, na mama yake yupo upande wa pili wa ukuta.

Hapa pana jambo la sheria ambalo halina budi kufahamika, maana bila ya hilo desturi hii itaonekana kuwa ni ukarimu mtupu. Waamu ni Waislamu, na katika sheria ya mirathi ya Kiislamu fungu la binti ni nusu ya fungu la ndugu yake wa kiume. Baba akifa na kuacha nyumba moja na watoto watano, nyumba hiyo ina wenyewe watano mbali ya mjane, na hakuna ukuta unaoweza kugawanywa kwa hesabu hiyo. Lakini alichokitoa mtu kwa hiba akiwa hai na mwenye akili timamu, akakikabidhi, hakiingii katika mirathi yake. Nyumba aliyopewa binti siku ya arusi ilikuwa imekwisha kutoka katika mali ya baba kabla mauti hayajafika. Wengine walitumia njia ya wakfu, wakaifunga nyumba kwa ajili ya vizazi vyao isiuzwe wala isigawanywe. Waungwana wa Lamu walikuwa wafanyabiashara. Walijua kwamba mali isiyopangwa mapema hupangwa na wengine.

Sasa tuingie ndani. Mtu anayetoka njiani hukutana kwanza na daka, yaani ukumbi mdogo ulio wazi, wenye mabaraza ya mawe mkono wa kulia na wa kushoto. Hapo mwenye nyumba huketi na wageni wake, na mgeni asiyekuwa na haja ya ndani hapiti hapo. Baada ya mlango mkubwa kuna tekani, chumba cha mpito penye ngazi, ambacho hujengwa kwa kupinda ili aliyesimama mlangoni asiweze kuona uwanjani. Karibu yake huwapo sabule, chumba cha wageni wa kiume, ambao huweza kulala na kuondoka bila ya kupishana na wanawake wa nyumba. Kisha unafika kiwandani, uwanja mdogo usioezekwa unaoingiza mwanga na hewa.

Kutoka kiwandani vyumba hufuatana kimoja nyuma ya kingine, vyote virefu na vyembamba: msana wa tini, msana wa yuu (tini na yuu ndiyo chini na juu ya Kiamu), kisha chumba kiitwacho ndani. Sakafu huinuka kidogo kila unapovuka kutoka kimoja kwenda kingine, na mapambo ya ukuta huzidi. Mpita njia asiyeelewa huenda asiione hatua hiyo, lakini mtu wa nyumba aliijua kwa miguu yake: kila alipopanda aliingia mahali pa siri zaidi na pa heshima zaidi. Mwisho wake ni ukuta wa zidaka, vijumba vidogo vya lipu vilivyopangwa safu kwa safu, ambamo ziliwekwa sahani na mabakuli ya kaure yaliyotoka China, na misahafu. Sayyid Abdalla bin Nasir, katika utenzi wake wa Al-Inkishafi, alipotaka kuonyesha namna utajiri wa Pate ulivyotoweka, alitaja zidaka hizo zikiwa zimegeuka makao ya ndege. Msomaji wa wakati wake hakuhitaji kuelezwa zaidi. Zidaka tupu zilimwambia kwamba nyumba imekufa, na kwamba ukoo uliokuwamo umekwisha.

Nyuma ya chumba cha ndani mna kijumba kidogo kiitwacho nyumba kati. Huko ndiko maiti wa nyumba alikooshwa kabla ya kuzikwa. Uzazi nao ulikuwa jambo la upande huo wa ndani kabisa, na mama na mtoto mchanga walikaa huko siku zao za arubaini. Kwa hiyo mwanamke wa kiungwana aliweza kuzaliwa, kuolewa, kuzaa na kuoshwa mara ya mwisho katika vyumba viwili vilivyotenganishwa na ukuta mmoja. Sijui mpango wa nyumba nyingine katika nchi yetu ulioweka mwanzo na mwisho wa maisha karibu namna hii.

Chooni kulikuwa na birika la maji ya kuogea, na ndani ya birika walifugwa samaki wadogo wa kula viluwiluwi vya mbu. Katika sakafu ya birika fundi alijengea bakuli la kaure, ili maji yakipungua samaki wabaki na mahali pa kuogelea. Nalitaja jambo hili dogo kwa sababu linaonyesha jinsi wapangaji wa nyumba hizi walivyofikiri: hata samaki walipangiwa makao. Jiko lilikuwa juu kabisa, katika kidari kilichoezekwa makuti, ili moshi na harufu vichukuliwe na upepo.

Ukubwa wa vyumba haukuamuliwa na mwenye nyumba. Uliamuliwa na mkoko. Sakafu na dari zilishikwa na boriti, magogo yaliyonyooka ya mikoko iliyokatwa katika hori za bara na visiwani, na boriti nzuri yenye kubeba uzito haiwezi kuvuka nafasi kubwa. Ndiyo sababu vyumba vya Lamu vina upana wa mita mbili na nusu hadi tatu, hata katika nyumba ya tajiri, ingawa urefu wake waweza kuwa mara tatu au nne ya hapo. Boriti hizohizo zilipakiwa majahazini kupelekwa Arabuni na nchi za Ghuba, ambako miti ya kujengea ni haba, hata Serikali ya Kenya ilipopiga marufuku biashara hiyo ya nje mwaka 1982. Huko nako zilipima vyumba vya watu ambao hawakupata kuiona Lamu.

Mawe yalichimbwa, na mengi yalitoka kisiwa cha Manda, ng'ambo ya mlango wa bahari. Chokaa ilipatikana kwa kuchoma matumbawe juu ya tanuri la magogo lililopangwa kwa mviringo, kisha ikamwagiwa maji na kuachwa muda mrefu ikomae. Mwenye kutaka kujenga alianza kwa hiyo kukusanya: mwaka huu mawe, mwaka ujao chokaa, boriti pindi jahazi la jamaa linaporudi. Kuta zilikuwa na unene wa karibu nusu mita. Unene huo ulizuia joto, lakini pia ulikuwa akiba, kwa kuwa ukuta wa namna hiyo ukijengwa leo kwa nyumba ya chini waweza kubeba nyumba nyingine juu yake baada ya miaka ishirini, binti atakapokua. Fundi aliyeweka msingi alijua kwamba kazi yake haijafika mwisho.

Namna ya kuongeza ilikuwa tatu. Penye kiwanja kando ya nyumba ya mama, nyumba ya binti ilijengwa ubavuni, ukuta mmoja ukitumiwa na pande mbili na mlango ukitobolewa baina yake. Pasipo kiwanja, ilijengwa juu, nayo ikawa nyumba kamili yenye kiwanda chake, misana yake, ndani yake na ngazi yake ya kushukia njiani. Ghorofa ya juu haikuwa nyongeza ya vyumba vya kulala kama tunavyofahamu leo. Ilikuwa nyumba ya pili iliyopandishwa juu ya mgongo wa nyumba ya kwanza. Na iwapo jamaa walikuwa wametenganishwa na njia, zilijengwa wikio. Wikio ni chumba au kivuko kilichojengwa juu ya njia ya watu, kikiunganisha ghorofa ya nyumba hii na ya ile. Punda na wapita njia wakipita chini, wanawake wa ukoo walipita juu, wakaenda kutazamana wagonjwa, kusaidiana katika arusi na matanga, na kuwapokezana watoto, bila ya kukanyaga njia.

Wengine wamezieleza wikio kuwa ni kifungo, na wengine kuwa ni uhuru. Naona kila upande umeshika ukweli nusu. Ni kweli kwamba mwanamke wa kiungwana hakutarajiwa kuonekana njiani mchana, na wikio zilifanya sheria hiyo iwezekane. Lakini kutokana na wikio hizo pia kulikuwa na mji mwingine juu ya mji tunaouona katika ramani, mji ambao njia zake zilijulikana na wanawake na watoto tu, na wenyeji wake walikuwa bibi, mabinti, mashangazi na wajukuu. Mwanamume aliyeoa katika nyumba hizo alikuwa kwa namna fulani mgeni wao. Aliheshimiwa na kupewa chumba cha ndani, lakini hazikuwa dari zake.

Mitaa ya zamani ya Lamu, hasa upande wa kaskazini unaoitwa Mkomani, ilifanyika kwa njia hii. Hakuna mchoro mmoja uliochorwa na mtawala na kufuatwa na raia. Njia ni nafasi zilizobaki baada ya jamaa kujenga, nazo ni nyembamba kwa sababu kila ukoo ulijisogeza kuelekea wenziwe. Hata hivyo ni kosa kusema kwamba mji haukupangwa. Ulipangwa nyumba kwa nyumba, kwa mashauri kati ya jirani na jirani: nani ana haki ya kujenga juu ya ukuta gani, maji ya paa yatemwe upande upi, dirisha lisielekee uwanja wa nani. Mashauri ya aina hiyo huhitaji watu wanaofahamiana na wanaotazamia kuishi pamoja muda mrefu.

Je, mpango huu ulitoka wapi? Kwa miaka mingi wataalamu wa kikoloni walifundisha kwamba nyumba za mawe za pwani ni kazi ya wageni kutoka Arabuni na Uajemi waliokuja wakajenga miji kamili. Uchimbuaji wa mambo ya kale umeipunguza nguvu sana kauli hiyo. Katika kisiwa cha Pate, kaskazini ya Lamu, kuna magofu ya mji wa Shanga, ambao Mark Horton alianza kuyachimbua mwaka 1980. Huko imeonekana kwamba watu walikaa tangu karne ya 8, kwanza katika nyumba za miti na udongo, na kwamba nyumba za mawe zilikuja baadaye sana, katika karne ya 14, zikifuata taratibu za makazi yaliyokuwapo. Jiwe lilichukua nafasi ya mti na udongo, lakini watu hawakubadilishwa. Katika Gedi, karibu na Malindi, ambako James Kirkman alianza kuchimbua mwaka 1948, nyumba zilizo karibu na jumba la mtawala zimejengwa kwa kushikamana, ukuta wa moja ukiegemea wa nyingine, kama watu wanaosali safu moja. Kirkman alizipa majina kwa vitu alivyoviokota humo, kama vile Nyumba ya Mkasi na Nyumba ya Taa ya Chuma. Hatuwezi kusema kwa uhakika kwamba binti wa Gedi alipewa nyumba siku ya arusi, maana mawe hayasemi habari za arusi. Lakini desturi ya kuegemeza nyumba mpya juu ya ukuta wa jamaa ina umri mrefu kuliko Lamu tunayoiona leo.

Imebaki sehemu ya habari hizi ambayo vitabu vya picha huipita haraka. Tumesema kwamba nyumba zilipangwa na wenyeji wake. Je, zilijengwa nao? Waliochimba mawe Manda, waliokata boriti kwenye tope la mikoko, waliochoma chokaa na kuibeba vichwani, na waliopondaponda sakafu kwa siku nyingi mpaka ikashika, wengi wao katika karne ya 18 na ya 19 walikuwa watumwa. Walikuwako pia mafundi huru, na ufundi wa nakshi ulirithiwa katika jamaa zenye heshima yake. Lakini utajiri wenyewe uliolipia kazi hiyo ulitegemea sana mashamba ya bara, ng'ambo ya kisiwa, yaliyolimwa na watumwa, pamoja na biashara ya baharini. Bila ya jembe lao hakuna zidaka.

Tena watumwa hawa hawakuwa mbali na nyumba. Waliishi humo. Wenye nyumba walipokaa ghorofani, chumba cha chini, chenye giza na joto, kilikuwa cha watumwa wa nyumbani na cha kuwekea mizigo. Mpango ule wa sakafu zinazoinuka kidogo kidogo kuelekea ndani uliendelea kwa upande wa pili: ulishuka mpaka chini, kwa watu ambao hawakuhesabiwa. Mtumishi wa kike alipanda kila siku kuleta maji, kupika kidarini, kulea mtoto wa bibi yake, naye ndiye aliyetumwa njiani na sokoni, mahali ambapo bibi yake hakwenda. Mwanamke mmoja alitembea juu katika wikio kwa sababu mwanamke mwingine alitembea chini kwa niaba yake. Tunapowafundisha vijana kwamba vizazi vitatu au vinne viliishi pamoja katika nyumba hizi kwa masikilizano, hatuna budi kuwaambia pia kwamba katika nyumba hiyohiyo walikuwamo vizazi vingine ambavyo havikupewa nyumba kwa arusi zao.

Serikali ya kikoloni ilifuta hali ya utumwa katika pwani ya Kenya kwa sheria ya mwaka 1907. Wengi waliokuwa watumwa walitafuta maisha yao wenyewe, na mashamba mengi yalikosa watu wa kuyalima. Upande wa kusini wa mji, Langoni na viungani mwake, palizidi kukua nyumba za udongo na makuti zenye watu wa kila asili: Waswahili wasiokuwa wa koo za kiungwana, Wangazija, Wahadhrami, na waliotoka katika utumwa. Huko ndiko Habib Saleh, sharifu mwenye asili ya Ngazija, alikowafundisha wana wa wanyonge ambao hawakukaribishwa katika darasa za wakubwa, na huko ndiko ulikojengwa msikiti wake wa Riyadha, ambao Maulidi yake huwakusanya watu wa pwani nzima hata leo. Mwalimu atakayewaonyesha wanafunzi wake Mkomani asiache kuwavusha mpaka Riyadha, maana nusu moja ya mji haifahamiki bila ya nyingine.

Kwa nyumba za mawe, pigo halikuja kwa siku moja. Biashara ilikuwa imekwisha kuhamia Mombasa, hasa baada ya reli iliyoanza kujengwa huko mwaka 1896 kufika ziwani mwaka 1901. Vijana waliifuata. Mwaka 1908 ilitungwa Sheria ya Hati za Ardhi, iliyomtaka kila mwenye kudai ardhi katika pwani apeleke madai yake yaandikwe. Sheria hiyo haikuvunja nyumba hata moja. Lakini iliuliza swali ambalo mtaa haukuzoea kulijibu kwa maandishi: hii ni ya nani? Ghorofa ya juu ni ya binti, ya chini ni ya mama, ukuta ni wa wote wawili, na wikio umekaa juu ya njia ya watu. Karatasi hupenda jina moja, au orodha ya majina yenye mafungu.

Mara tu desturi ya kutoa nyumba kabla ya kifo ilipodhoofika kwa sababu ya uhaba wa mali, mirathi ilirudi kufanya kazi yake. Nyumba ambayo haikujengewa mwenziwe iligawanywa. Warithi wengine walikuwa Mombasa, wengine Arabuni, na kila mmoja alikuwa na haki yake halali. Ukuta ulipandishwa katikati ya msana. Kiwanda kikaezekwa kwa bati ili kiwe chumba. Kodi ikatafutwa kwa wapangaji. Paa zilizokosa chokaa mpya zilianza kuvuja, na boriti iliyolowa haidumu.

Katika miaka ya 1970 wataalamu walianza kuzipima na kuzichora nyumba hizi kwa makini. Usam Ghaidan alitoa kitabu chake juu ya mji wa Lamu mwaka 1975, na majina ya vyumba tuliyoyataja hapo juu yamo katika michoro yake. Jumba la makumbusho lilifunguliwa penye ufuo, na nyumba moja ya karne ya 18 ikatengenezwa upya ili watu waingie na kuona. Mwaka 2001 Mji Mkongwe wa Lamu uliandikwa na UNESCO katika orodha ya urithi wa dunia. Mambo haya yamesaidia: fundi wa chokaa amepata kazi tena, na mtu hawezi kubomoa nyumba ya kale kama apendavyo. Lakini yanalinda zaidi kuta. Hakuna sheria ya makumbusho inayoweza kumwambia baba ampe binti yake nyumba. Na kadiri jina la Lamu lilivyokwenda mbali, ndivyo bei ya nyumba ilivyopanda, hata ikafika mahali ambapo warithi saba wanaona ni rahisi zaidi kumwuzia mgeni na kugawana fedha kuliko kununuliana mafungu wao kwa wao. Baadhi ya nyumba hizo sasa zinatunzwa vizuri kuliko wakati wowote katika miaka 100 iliyopita, na wenyewe hufika kwa majuma machache tu katika mwaka.

Siwalaumu wauzaji. Aliyepata kutengeneza paa la chokaa anajua gharama yake, na fungu la saba la nyumba ya kale halimlishi mtu. Tena si kila binti wa leo atakaye kuishi ukuta mmoja na mama yake. Wengi wamesoma, wanafanya kazi Mombasa na Nairobi, nao wana haki ya kuchagua. Lakini zingaliko jamaa katika Mkomani zilizoshika desturi hii kwa kadiri ya uwezo wao. Binti akiolewa hupewa vyumba viwili badala ya nyumba nzima, au chumba cha matofali ya saruji kilichopandishwa juu ya paa la zamani, mahali palipokuwa na kidari cha meko. Mtaalamu wa majengo hutazama chumba hicho akasikitika, kwa kuwa saruji haipatani na chokaa, na uzito wake huzielemea boriti. Masikitiko yake yana msingi. Hata hivyo, kati ya nyumba iliyopakwa chokaa safi isiyo na mtu, na hiyo yenye matofali ya kijivu juu ya kichwa chake na watoto wakipanda na kushuka ngazi, ya pili ndiyo inayofuata zaidi nia ya waliochimba msingi.

Mwanafunzi atakayepita katika njia za Mkomani na atazame juu. Ataona wikio kadha zingali zimesimama. Zingine zina dirisha lililo wazi, na nguo zimeanikwa. Penye nyumba mbili zilizokwisha kupata wenyewe wawili wasiokuwa jamaa, mlango wa upande mmoja umezibwa kwa mawe, na chumba kilicho juu ya njia kimebaki kuwa cha yule ambaye hati yake ilikitaja.